Purimu Ikikuangukia Ijumaa

Ukialikwa kusherehekea sikukuu ya Kiyahudi ya Purimu huko Tel Aviv au Bnei Brak, usijisumbue kuuliza uvae nini. Vaa chochote. Siku hiyo mtu mzima mwenye ndevu huvaa ngozi ya simba, binti wa miaka minne huwa malkia, na hakuna anayemkodolea mwenzake macho. Uliza ni siku gani ya juma. Ukijibiwa Jumapili, Jumanne au Alhamisi, nenda ukale. Ukijibiwa Ijumaa, vuta kiti kwanza.

Hizo siku nne ndizo pekee inazoweza kuangukia Purimu. Kalenda ya Kiyahudi imepigiwa hesabu ili Siku ya Upatanisho isigusane na Sabato, isiwe Ijumaa wala Jumapili, maana siku mbili zilizofuatana bila kazi zingewaacha watu na mboga zilizonyauka na maiti wasiozikwa. Purimu haikuonewa huruma hiyo. Iliangukia Ijumaa Februari 26, 2021, ikarudi Machi 14, 2025, na itakayofuata ni Machi 3, 2045. Kwa hiyo mwongozo huu unakufikia mapema, jambo ambalo halijapata kumtokea mtu yeyote katika maandalizi ya Purimu.

Mswahili ana mtaji ambao mgeni wa kutoka Ulaya hana: saa. Sheria ya Kiyahudi huhesabu saa za mchana kuanzia macheo. Adhuhuri ni saa sita. Wakisema saa tisa, ni saa tisa yetu ile ile, wakati jua limeshaanza kuinama. Tena siku yao huingia jua linapozama, kama wazee wetu wanavyouita usiku wa kuamkia Ijumaa “usiku wa Ijumaa”. Katikati ya Machi jua la Tel Aviv huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili, kwa hiyo huhitaji hata kikokotoo. Shikilia saa hiyo ya kichwani. Ile ya simu itakudanganya kwamba bado mapema.

Maana shida yote ni hii. Purimu ina mambo manne ya lazima: kusikiliza gombo la Esta usiku na tena mchana, kuwapa maskini, kupelekeana vyakula, na kula karamu kubwa yenye divai. Sabato nayo ina jambo moja, kwamba jua la Ijumaa likizama kila kitu kiwe kimekwisha. Moto hauwashwi, hakipikwi kitu, simu haishikwi. Mishumaa huwashwa yapata dakika 18 kabla ya machweo, na yeyote atakayekuwa bado anakoroga mchuzi wakati huo ana kesi ya kujibu mbele ya mama mkwe, ambaye ni mahakama isiyo na rufaa.

Mtu asiyejua huanza kujiandaa Ijumaa asubuhi. Huyo tumwombee. Mwenye akili huanza Alhamisi, na hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo, kwa sababu Alhamisi ni saumu ya Esta, kuanzia alfajiri hadi giza liingie. Utapika kwa ajili ya karamu mbili, ya Purimu na ya Sabato, bila kuonja hata ncha ya mwiko. Wengine hutumia mtoto, kwa kuwa watoto hawafungi. Njia si mbaya, ila mtoto wa miaka sita atakwambia supu imepungukiwa sukari, na wewe kwa njaa uliyo nayo utamwamini.

Panga sufuria zako. Ile ya Sabato ni ya maharagwe, shayiri, viazi na nyama; huwekwa juu ya moto mdogo Ijumaa na kufunuliwa Jumamosi mchana. Waisraeli wengi huiita hamini. Usiichanganye na Hamani, yule waziri wa mfalme Ahasuero aliyepiga kura kuchagua siku ya kuwaangamiza Wayahudi, akaishia kuning’inia juu ya mti aliousimamisha mwenyewe. Hamini hupikwa taratibu. Hamani huliwa akiwa biskuti ya pembe tatu, sura ya sambusa, iliyojazwa mbegu za popi au jamu, na Waisraeli huiita masikio yake. Mkate wa Sabato, yaani hala, husukwa nyuzi tatu au sita. Ukiwa umefunga tangu alfajiri, mikono itakuwa inatetemeka na mkate utatoka twende kilioni.

Usiku ukiingia, gombo linasomwa sinagogini. Ni sura kumi, na kila neno lazima lisikike. Lakini jina la Hamani, linalotajwa mara 54, lazima lizomewe kwa kayamba, sufuria na miguu. Ni kazi ya msomaji kupatanisha masharti hayo mawili, si yako. Ujue tu kwamba waliofunga hawajala bado, na hakuna msomaji mwenye kasi kama yule anayenusa biriani ya jirani.

Tukaribie Ijumaa yenyewe. Gombo linasomwa tena asubuhi, na wanaojua huenda na kundi la kwanza kabisa, jua likichomoza. Hapo saa zako zinaanza kuliwa.

Katika zawadi, sheria yenyewe haina makuu. Maskini wawili, kila mmoja apate chake. Rafiki mmoja, vyakula viwili vilivyo tayari kuliwa. Mtu mwenye nia ya kumaliza angemaliza bila kutoka nje ya jengo lake. Lakini kuna sheria na kuna jirani. Kwetu pwani sahani iliyoletwa na futari hairudi tupu, na unajua mwisho wake: sahani inazunguka Ramadhani nzima, mpaka hakuna anayekumbuka ilikuwa ya nani. Chukua mzunguko huo wa mwezi mzima, uubane kati ya saa moja na saa nne asubuhi, uongeze walimu wa watoto, bosi, daktari wa meno, na yule mama wa ghorofa ya tatu aliyekuletea mwaka jana na wewe hukumrudishia. Barabarani Bnei Brak gari halitembei siku hiyo, linasukumwa na subira. Mlangoni kengele italia wakati wewe uko mlangoni kwa huyo huyo anayekugongea. Kufikia saa tatu na nusu kikapu ulichokifunga kwa utepe wa dhahabu kitakuwa kimekurudia, kikiwa na kadi ya mtu mwingine.

Wala usidhani usumbufu huu ni wa kisasa. Talmudi, kitabu cha wanazuoni wa Kiyahudi wa kale, katika risala ya Megila, inasimulia kwamba mwanazuoni Raba alimtuma Abaye ampelekee Mari gunia la tende na kikombe cha unga wa kukaanga. Mari akajibu kwa gunia la tangawizi na kikombe cha pilipili ndefu. Abaye akaona kabisa yatakayosemwa: yeye kapelekewa vitamu, karudisha vikali. Miaka zaidi ya elfu moja na mia tano imepita na bado watu wanakwazana kwa sababu ya vikapu. Lakini kurasa hizo hizo zina njia ya mkato ambayo, kwa maoni yangu, imefichwa kwa makusudi na wauzaji wa utepe. Wana wawili wa Avin walibadilishana chakula cha karamu: huyu akala cha yule, yule akala cha huyu. Kwa tendo moja wakawa wamepelekeana vyakula na wamekula karamu. Fanya hivyo. Hakikisha tu unabadilishana na jirani anayejua kupika, kwa maana hakuna kurudishiwa.

Sasa karamu. Miaka mingine watu hukaa mezani alasiri na kuendelea mpaka giza. Ijumaa haiwezekani, na aliyeliona hilo vizuri ni Rabi Moses Isserles wa Krakow, karne ya 16, aliyeandika kwamba Purimu ya Ijumaa huliwa asubuhi, kwa heshima ya Sabato. Waliomfuata wakafafanua: kabla ya saa sita ndiyo bora, ukishindwa, angalau uanze kabla saa tisa haijaisha, ili mtu aingie Sabato akiwa na nafasi tumboni. Kwa maneno mengine, unatakiwa kula nyama na kunywa divai saa nne asubuhi, wakati mwili unaamini ni wakati wa chai na mandazi. Utatazamana na kuku, naye atakutazama. Ujipe moyo: siku nyingine yoyote ya mwaka ukikutwa na glasi mkononi saa hiyo, wangeitwa wazee.

Na glasi yenyewe ndiyo mtego mkubwa. Talmudi inamtaja Rava (si yule Raba) akisema mtu anywe siku ya Purimu mpaka asitofautishe kati ya kumlaani Hamani na kumbariki Mordekai, Myahudi aliyempinga. Watu hupenda kuishia hapo. Kisa kinachofuata mara moja, wanakisahau: Raba na Rabi Zera walikula karamu pamoja, wakalewa, Raba akainuka akamchinja mwenzake. Kesho yake akamwombea rehema, akafufuka. Mwaka uliofuata Raba akamwalika tena. Rabi Zera akakataa, kwa hoja kwamba muujiza hautokei kila saa. Sijasoma udhuru wa kukataa mwaliko ulio na msingi imara kuliko huo.

Isserles alikuwa na suluhisho la upole: kunywa kidogo zaidi ya kawaida yako, kisha lala, kwa kuwa aliyelala hawezi kumtofautisha Hamani na Mordekai. Ushauri mzuri siku ya Jumanne. Ijumaa, ukilala saa saba ukiwa na glasi nne kichwani, utaamka gizani, sahani za karamu zimegandia mezani, mishumaa haijawashwa, hamini haijawekwa motoni, na hairuhusiwi kufanya lolote kuhusu hayo mpaka Jumamosi usiku. Weka mtu wa kukuamsha. Asiwe mtu uliyekunywa naye.

Atakuja mjuzi mmoja (kila ukoo unaye) akuambie kuna namna ya kula karamu moja kwa sikukuu mbili. Anza alasiri, atasema, jua likikaribia kuzama tandika kitambaa juu ya mikate, bariki Sabato juu ya divai, kisha endelea kula. Hasemi uongo. Njia hiyo ina jina lake na ina wanazuoni wake. Asichokwambia ni kwamba nyumba lazima iwe tayari imeoshwa, vyote vimepikwa na mishumaa imewashwa kabla hujatandika kitambaa. Kwamba baada ya kubariki lazima ule mkate tena, wewe uliyeshiba tangu saa kumi. Na kwamba sala ya jioni bado inakungoja, na mlevi haruhusiwi kusali. Kwa hiyo ulichoepuka ni kuosha sahani mara moja. Mjuzi mwenyewe, ukimchunguza, hula kwa dada yake.

Usiwaze kukimbilia Yerusalemu. Ni kweli kwamba huko, kwa kuwa ni mji uliokuwa na ukuta tangu zama za Yoshua, Purimu husherehekewa tarehe 15 ya mwezi wa Adari badala ya 14, kwa hiyo kwa kalenda ya mwaka kama huo ingekuwa Sabato. Lakini gombo halisomwi Sabato, isije mtu akalibeba njiani kwenda kufundishwa kulisoma. Basi sikukuu imekatwa vipande vitatu kama muhogo: gombo na sadaka Ijumaa, sala na usomaji maalumu wa Torati Jumamosi, karamu na vikapu Jumapili. Mwenye ndugu Tel Aviv na wakwe Yerusalemu hualikwa pande zote mbili, na hakuna udhuru wa kidini utakaomwokoa. Namjua mmoja aliyerudi kazini Jumatatu akiwa bado na masharubu ya kuchora.

Tufanye umefika saa kumi na nusu ukiwa na fahamu zako. Imebaki saa moja hivi. Toa manyoya ya simba kwenye maji ya kuogea. Zima taa ya jokofu, maana ikiwaka ukifungua mlango Sabato, jokofu litabaki kufungwa mpaka Jumamosi usiku na samaki wako ndani. Mishna inamtaka mwenye nyumba aulize mambo matatu giza likikaribia: mmetoa zaka? mmeweka eruvi (utaratibu wa kulegeza makatazo ya Sabato)? washeni taa. Wanazuoni wakaongeza sharti la nne, nalo ni gumu kuliko yote matatu: ayaseme kwa upole, ili watu wa nyumbani wamsikilize. Aliyeweka sharti hilo alijua nyumba ilivyo saa hiyo, mtoto mmoja akilia kwa kupotelewa na taji, mwingine akitapika peremende, na mume ameketi sebuleni akimbariki Hamani.

Halafu mishumaa inawashwa.

Vikapu vitabaki. Vihesabu Jumamosi usiku: biskuti, keki, masikio ya Hamani kutoka nyumba ishirini, vyote vya unga wa ngano, na Pasaka iko mwezi mmoja mbele, ambapo haitakiwi kubaki hata chembe ya mkate uliochacha. Purimu ikiwa Ijumaa, mkesha wa Pasaka huwa Sabato, kama ilivyokuwa Aprili 12, 2025, na hapo vyakula hivyo haviwezi kuchomwa siku yenyewe, wala kuuzwa siku yenyewe. Lazima viwe vimemalizwa Ijumaa, isipokuwa kiasi kidogo cha kula Jumamosi asubuhi, kwa saa maalumu, na chembe zake zote zifagiliwe. Mama wa ghorofa ya tatu analijua hilo vizuri. Ndiyo maana kikapu chake kilikuwa kikubwa vile.