Hiyo 52x Wanaifikia Wapi?

Mwenzenu nimenunua draivu ya CD. Ndiyo, zama hizi, wakati watoto wa mtaa hawajui hata kile kitundu cha katikati ni cha nini. Wakwe wametangaza ujio, na Mama Neema anataka waione harusi yetu, ambayo fundi wa video alituachia kwenye CD, akachukua chake, akahama mtaa.

Mbele ya draivu imeandikwa 52x kwa herufi za kujivuna. "Mzee, hii inakimbia," akaniapia muuzaji wa mitumba pale Kariakoo. Haya, kama inakimbia, tuipime.

Nikaweka programu ya Nero CD-DVD Speed, ya zamani lakini haina upendeleo: inasoma diski mwanzo hadi mwisho huku ikichora mstari wa kasi. 1x ya CD ni kilobaiti 150 kwa sekunde, kwa hiyo 52x ni 7,800. Mstari wangu ukaanzia 22. Nikanywa chai. Ukapanda 30, ukajikokota hadi 40. Hiyo 52 ukaigusa mwisho kabisa, na kipimo kikaisha.

Wala si ubovu, ndivyo zilivyoundwa! CD husomwa kutoka ndani kwenda nje. Draivu ya namna hii huizungusha kwa mwendo uleule, zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na kwa kuwa ukingoni duara ni kubwa, data nyingi zaidi hupita mbele ya leza kwa kila mzunguko. Diski iliyojaa nusu huishia 40 hivi. Ni daladala inayosifiwa kwa mwendo inaoufikia ukishashuka.

Halafu jirani ana draivu ya DVD iliyoandikwa 16x. 1x ya DVD ni karibu mara tisa ya 1x ya CD, kwa hiyo 16 yake inaishinda 52 yangu karibu mara tatu. Hesabu za wapi hizi? Wangetuandikia megabaiti kwa sekunde tukaelewana, lakini nani atauza boksi bila namba ya kutisha?

Tukaingia kwenye harusi yenyewe. Maharusi wakaingia ukumbini vizuri, mstari umenyooka. Mjomba aliposhika kipaza sauti tu, ukaporomoka. Draivu ikikutana na data isiyosomeka hupunguza mwendo na kurudiarudia palepale, kwa hiyo ikaanza kurudia hotuba ya mjomba, jambo ambalo hata ukumbini hakuna aliyeliomba.

"Ipake dawa ya meno," akashauri jirani. Dawa ya meno itasugua upande wa chini, ambako plastiki ya zaidi ya milimita moja inailinda data, na mkwaruzo mdogo hapo CD hujirekebishia yenyewe kwa data za akiba. Tatizo letu liko juu. Utando unaoakisi mwanga uko upande wa juu, chini ya rangi nyembamba tu, na yule fundi, kwa ustadi wake wote, aliandika HARUSI kwa kalamu ya bolipeni, akikandamiza kama anachonga kinyago. Geuza diski uimulike kwenye taa: mwanga unapenya kwenye herufi U. Hapo hakuna cha kusugua, data imeondoka na utando wake.

Hukumu yangu: draivu ni nzima, na hiyo 52x ni mapambo. CD inayosomeka kwa 8x bila kukwama ni bora kuliko kelele zote zile. Wakwe wataona maharusi wakiingia, kisha tutawapa chakula.

Nawe uliye na harusi kabatini, ihamishie kwenye flashi wiki hii, mbili ukiweza. Ukiipangusa CD, anzia katikati kwenda nje, usizungushe kitambaa. Na jina liandike kwenye kasha.