Theluji ya Pamba: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Gulio la Krismasi

Kwa Waheshimiwa Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina na Wajumbe wote wa Kamati ya Gulio la Krismasi, katika kijiji kimoja cha Vunjo, chini ya Mlima Kilimanjaro, ambacho kwa staha sitakitaja jina.

Baada ya salamu na taadhima inayowastahili, nawaarifu ya kuwa mimi ni mtu wa Pangani, niliyeletwa mlimani na shemeji zangu katika msimu ule ambao Mchaga popote alipo, awe na duka Kariakoo au ofisi Dodoma, hufunga mlango, hujaza gari na kupanda kihambani kwa baba yake kula Krismasi; na madhali mgeni aliyekirimiwa huwiwa shukrani, nimeona si insafu nirudi kwetu kimya bila ya kutoa ushahidi wa niliyoyaona katika gulio lenu, ambayo baadhi yake sikupata kuyaona wala kuyasikia katika umri wangu wote.

Nawapongeza kwanza kwa theluji. Langoni nilipokewa na mti wa plastiki, mrefu kupita mlinzi wake, uliotandazwa pamba ya hospitali tangu ncha hata shina, na kando yake amesimama kijana wa watu, kavishwa joho jekundu la sufu na ndevu za pamba ile ile, jasho likimchuruzika kwa jua la Desemba, akipigwa picha na watoto kwa malipo. Nyuma ya mti huo, mawingu yalipojitenga, kilele cha Kibo kilikuwa kimesimama na barafu yake, bila tiketi, wala sikuona mtoto aliyekitazama, kwa kuwa wote walikuwa wamekipa mgongo ili waielekee kamera. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliandika ya kwamba ameiona theluji juu ya mlima huu, na mabwana wa elimu ya jiografia kule Uingereza, akiwamo William Desborough Cooley ambaye hakupata kuikanyaga ardhi hii, wakamkadhibisha. Nilidhani madhehebu ya Bwana Cooley yalikwisha kufa zamani. Kumbe yana wafuasi, tena wana kamati. Lakini nikitafakari zaidi nahisi labda nawadhulumu, na kwamba nyinyi mna basira kuliko sisi: maana barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na UNESCO ilionya mwaka 2022 kwamba huenda isibaki hata kidogo ifikapo 2050. Siku hiyo wajukuu watakapouliza theluji ilikuwa namna gani, Kamati itafungua boksi na kuwaonyesha.

Juu ya risiti sitasema mengi, kwa kuwa zenyewe zinasema. Nililipia kuingia, nikalipia gari la shemeji kuegeshwa katika uwanja ambao babu yake shemeji ndiye aliyeufyeka, nikalipia kiti, kisha akanijia kijana mwenye adabu nyingi na mashine ndogo ya kukatia risiti, akaniarifu ya kuwa kiti nimelipia kweli, ila kivuli cha turubai lililo juu ya kiti kina ada yake mbali. Nimeishi katika nchi yenye kodi za kila namna, na sijawahi kukutana na serikali iliyofikia daraja hiyo ya ubunifu.

Kisha ikawa ile ziara ya vivutio, ambayo tangazo lenu liliiita ya siku nzima na dereva wenu akaifanya ya mchana mmoja. Maporomoko ya Kinukamori ni mahali pa kukaa na kusikiliza. Hapo ndipo isimuliwapo hadithi ya binti Makinuka, aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaja kujitupa majini, akaghairi, na alipogeuka ili arejee kwao akakabiliana na chui, akarudi nyuma na kuanguka. Kiongozi wenu aliisimulia hadithi hiyo kwa mbio, injini ya gari ikinguruma juu, hata binti wa watu hakupata wasaa wa kughairi. Katika simulizi lake aliruka moja kwa moja, na sisi tukahimizwa kupanda garini. Kwenye mahandaki ambamo Wachaga wa zamani walijificha, wao na watoto na mifugo yao, adui alipovamia, bwana mmoja aliyetoka Dar es Salaam aliuliza kama humo yumkini mtu akajificha michango ya ukoo mpaka Januari. Watu walicheka. Shemeji yangu hakucheka. Aliuliza handaki lina urefu gani. Lango la Marangu tuliliona dirishani, na nilipouliza habari za Yohani Kinyala Lauwo, mtu wa Marangu anayetajwa kuwa ndiye aliyemwongoza Hans Meyer katika safari ya kupanda Kibo mwaka 1889, nilijibiwa kwamba maswali ni katika ziara ya daraja la kwanza.

Hayo yote ningaliyachukua kuwa tafrija, na kalamu nisingaliishika, lau si jambo moja. Magulio ya Uchagani tangu kale yalikuwa milki ya akina mama: wao ndio waliokutana, wakauziana ndizi, ulezi, magadi na kuku, wakapashana habari, na mwanamume aliyekatiza katikati yao alipita upesi. Siku ya gulio lenu akina mama hao niliwakuta nje ya ua, ukingoni mwa mfereji, na mikungu ya mshare na kisukari imelazwa majanini, kwa sababu ada ya meza ya ndani inashinda thamani ya kila alichobeba mmoja wao kichwani. Nilimwuliza mmoja, mtu mzima wa kunizaa, "Mama, mbona hamwingii?" Akanijibu bila uchungu, "Ndani ni kwa wageni, mwanangu. Sisi ni wa siku zote." Na ndani, kwenye banda lililoandikwa kwa herufi za dhahabu Mapishi ya Asili, niliuziwa mtori katika kikombe cha plastiki kwa bei ya nusu mkungu, nikauliza ndizi zimetoka wapi, mpishi akanyoosha kidole kwenye tundu la ua. Ndizi iliyokataliwa langoni ikiwa mkungu ilikaribishwa ndani kwa heshima ikiwa mtori.

Ajabu ni kwamba nyote mnajua namna nyingine ya kuuza. Kesho yake, baada ya ibada, nilishuhudia mnada nje ya kanisa: kuku wa bibi mmoja alinunuliwa kwa bei ya mbuzi, mnunuzi akamrudisha, akauzwa tena, na Mweka Hazina wenu mwenyewe ndiye aliyepandisha bei mara ya tatu, akicheka, huku bibi ameketi kiti cha mbele. Hakuna aliyemdai ada ya kivuli.

Nimeambatanisha humu risiti zangu zote. Nimezijumlisha, na kwa hesabu yangu zinazidi ada ya meza moja ya ndani. Naomba basi zihesabiwe kuwa ni malipo ya meza hiyo kwa Krismasi ijayo, karibu na ule mti wa plastiki, apewe mama niliyemkuta mferejini. Shemeji yangu atawaonyesha kwake. Na kama kumezuka ada mpya tangu nilipoondoka, nijulisheni mapema, niiongezee kwa nazi.

Wasalaam,

Mgeni wenu wa Pangani.