Ghorofa ya Mjomba

Watu wa Pwani tuna kipaji cha kupandisha nyumba ghorofa kwa mdomo. Mjomba wangu wa Kisarawe alijenga kwenye mteremko, chini pakabaki uwazi, akauzungushia tofali: upande mmoja stoo ya mkaa, upande wa pili banda la kuku. Tangu hapo hakuna kadi ya mchango wa harusi katika ukoo iliyokosa maneno "kikao kitafanyika ghorofani kwa Mzee".

Sifa hizo zilikuwa za bure mpaka Agosti 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kwenye LUKU. Ukinunua umeme, kodi inatangulia, yuniti zinafuata. Viwango vilipopanda mwaka 2023, nyumba ya kawaida ikawa shilingi 1,500 kwa mwezi, ya ghorofa 7,500. Mjomba akanunua umeme wa 10,000, zikaja yuniti za kunyooshea shati moja. Akanipigia simu Kibaha.

"Mpwa wangu, wewe umesoma. Njoo uishushe hii nyumba."

Nikaanza kukusanya ushahidi. Ukisimama barabarani, nyumba iko chini kabisa, hata mbuzi anaweza kupanda bati. Nikaipiga picha hapo hapo. Mjomba naye akachomeka kwenye faili ile anayoipenda yeye, iliyopigwa kutoka bondeni: nyumba imesimama imara, mwenyewe yuko barazani juu anapunga mkono kama mgeni rasmi.

Barua ya mwenyekiti ikaja na muhuri uliokolea: "Nathibitisha kuwa mmiliki wa ghorofa hii hana ghorofa."

Jirani, shahidi wetu wa kutegemewa, akaulizwa kuku wanalala wapi. "Ghorofa ya chini," akajibu bila kupepesa macho.

Akabaki fundi. Nilimkuta Maili Moja, Kibaha, juu ya kenchi la mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bosi, wateja wote huku nawaambia kuna ghorofa nimeisimamisha Kisarawe. Leo nikaandike si ghorofa, kesho nile nini?"

Ndipo nikakumbuka njia ya mkato: sheria inamsamehe kodi mzee wa miaka 60 na kuendelea kwa nyumba anayoishi mwenyewe, ilimradi aombe. Kitambulisho cha NIDA kinasema Mjomba alizaliwa 1959. Sikuona haja ya picha, jirani wala fundi.

"Mjomba, nipe kitambulisho nikatoe kopi."

Akachungulia jikoni, alikokuwa mgeni wake, mama mmoja mjane anayemposa. Akanivuta hadi kwenye banda la kuku.

"Punguza sauti. Huyu anajua nina 52."

"Mjomba, ni 90,000 kwa mwaka!"

"Kupunguziwa miaka yote hiyo kwa 90,000," akasema, akijipangusa manyoya ya kuku begani, "nani kakwambia ni ghali?"