Suruali Ndefu Imebaki Msumarini

Jamani, kuandika programu za PHP kutaniua. Juzi bosi kaniambia, ukurasa ukikosekana, mteja apewe 404. Kazi ya dakika mbili. Nikakamata objekti ya jibu, nikaiitia withStatus, nikaiambia 404, nikaenda zangu kula chipsi mayai. Narudi, ukurasa haupo, lakini mashine inamjibu mteja 200, yaani mambo safi. Nikaandika tena. 200. Nikazima, nikawasha. 200. Nikamfokea mtu wa seva mbele za watu. Mpaka leo hanisalimii.

Saa tisa akapita binti wa fildi, ana wiki mbili tu ofisini. Akachungulia. "Kaka, samahani, ile mpya umeiweka wapi?"

Mpya ipi tena?

Kumbe mwaka 2015 watu wa PHP walipitisha PSR-7: rikwesti (ombi) na risponsi (jibu) ni objekti zisizobadilika. Ukitaka kurekebisha, unapewa nakala nyingine. Yaani unampelekea fundi suruali aipunguze, yeye anakushonea nyingine fupi, ile ndefu anaiacha msumarini vilevile. Mimi siku nzima nimeingia kwa fundi, nimeagiza, nimetoka na ile ndefu, naiburuza mtaani huku namtukana dobi. Kilichokosekana ni $jibu = mwanzoni mwa mstari. Alama ya sawasawa! Nimeijua tangu darasa la kwanza.

Nikasema ahaa, kwa sauti nzito ya mtu aliyeelewa. Nikaongeza mstari wa kunakili bodi, yaani maudhui, ya kila rikwesti kwenye logi. Oda zote zikaanza kuingia tupu. Binti akarudi. Bodi ni strimu, kaka, hiyo inakumbuka umesoma mpaka wapi. Umeifikisha mwisho, anayekuja nyuma yako anakuta ukoko. Irudishe mwanzo kwa rewind. Safari hii hata hakusema samahani.

Kuhusu heda sikumuuliza, na mimi nina heshima zangu. Nilitaka kujua wateja wanatumia simu gani, nikaita getHeader, nikaichapisha heda ya User-Agent kwenye ripoti. Kila mstari ukaandika Array. Nikamweleza bosi kwenye kikao kwamba soko lote limeshikwa na simu mpya ya Kichina. Nimekuja kujua jioni kwamba getHeader inarudisha orodha hata kama kitu ni kimoja, ilitakiwa getHeaderLine.

Nimechelewa. Bosi yuko Kariakoo, amenipigia simu mara mbili, anauliza Array inauzwa duka gani.