Waraka kwa Mnunuzi wa Pikipiki Isiyo na Kadi

Ndugu yangu mnunuzi,

Jina lako silitaji, maana mko wengi hapa Mwamapalala na wilaya nzima ya Itilima, na sina nia ya kumvunjia mtu heshima. Nimeandika kwa sababu kila wizi ukitokea tunamsema mwizi, fundi, hata polisi. Wewe husemwi, na wewe ndiye unayeleta fedha.

Kwenye ununuzi wa ng'ombe nakuvulia kofia. Unamfungua mdomo, unamtazama alama, unauliza katoka zizi la nani na barua ya kijiji iko wapi. Tangu 2010 nchi ina sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo, lakini wewe ulikuwa makini hata kabla yake. Mjomba wako mwenyewe akikuletea fahali usiku wa manane bila kibali, utamwambia asubiri kuche.

Lakini kijana usiyemjua kwao akikuletea pikipiki ya Boxer saa nne usiku, akasema kadi ya usajili imebaki kwa tajiri wake Maswa, unaingia ndani kuhesabu noti.

Pikipiki ya aina hiyo ikiwa mpya inakaribia shilingi milioni 3. Wewe unauziwa laki 7. Kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani, pale namba ya chesisi inapogongwa, pamepigwa tupa na kupakwa rangi nyeusi. Ukipitisha kidole gumba unaisikia mikwaruzo. Swichi ya ufunguo ni mpya kabisa, wakati tangi limechubuka kwa magoti ya dereva. Namba ya nyuma imefungwa kwa waya. Yote hayo unayaona, kwa sababu macho yanayomkagua ng'ombe ni hayo hayo. Kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu hakimshiki tu anayepokea mali akijua kuwa ni ya wizi. Kinamshika pia aliyekuwa na sababu ya kuamini hivyo. Kwa bei ile, ndugu yangu, sababu unayo.

Sasa mfikirie yule ambaye mali yake iliyoibwa umeinunua. Mara nyingi ni dereva wa mkataba: tajiri amemkabidhi pikipiki, kila wiki anapeleka hesabu mpaka deni liishe na chombo kiwe chake. Bima aliyonayo ni ile ndogo, ambayo hailipi wizi hata senti moja. Akiibiwa, anakwenda polisi kuchukua RB, yaani namba ya taarifa yake, kisha anarudi kwa tajiri na kuambiwa mkataba uko palepale. Anaendelea kulipia pikipiki ambayo wewe unaenda nayo mnadani. Wengine wamenyang'anywa kwa panga barabarani, kosa ambalo kifungo chake hakipungui miaka 30. Wengine hawakurudi nyumbani.

Kuna jambo linaniuma zaidi. Mwizi akikamatwa, yowe linapigwa, watu wanajaa, na wapo wanaotaka damu. Nimekwisha kusikia sauti ya mnunuzi katika kundi kama hilo, na ilikuwa kubwa kuliko nyingine. Kijana anauawa bila kufikishwa mahakamani, na aliyekuwa akimpa fedha anarudi kwake kula. Sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe, ilipoanza huku Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulikuwa umewachosha watu, na nguvu yake kubwa ilikuwa kumtenga mkosaji: hasaidiwi shambani, hakai na wenzake. Wazee wale hawakumsamehe aliyeficha ng'ombe wa wizi zizini kwake. Ningependa tuwe na msimamo huo kwa aliyeficha pikipiki, bila kumgusa mtu hata kwa kofi.

Wenye vyombo nao wana wajibu, na wengi wanajitahidi. Loki ya usukani peke yake haitoshi. Mtu mwenye nguvu anaivunja kwa kuunyonga mara moja. Mnyororo mnene uliopita gurudumu la nyuma na kuzunguka nguzo unamchelewesha. Fundi mzuri anaweka swichi ya siri inayokata moto, hata waya zikiunganishwa injini haiwaki. Ulaya magari mapya yalilazimishwa kuwa na kizuizi cha namna hiyo, cha kielektroniki, tangu 1998, na Uingereza wizi wa magari ukashuka sana. Lakini tazama Dar es Salaam: mara nyingi gari zima halichukuliwi, zinachukuliwa taa na vioo vya pembeni, mpaka wenye magari wanachonga namba ya usajili juu ya vioo vyao. Palipo na mnunuzi, mwizi hakosi cha kung'oa.

Na wewe Mwenyekiti unayegonga mhuri kwenye karatasi ya mauziano bila kuona kadi ya Mamlaka ya Mapato (TRA), niwie radhi, ila mhuri wa kijiji hauzai kadi. Unamsaidia mwizi kulala usingizi.

Naomba hivi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Ukikaa, nitapendekeza pikipiki iuzwe kama ng'ombe: mchana, ofisini, muuzaji akiwa na kadi na mdhamini anayefahamika. Namba ya chesisi iwekewe karatasi, isuguliwe kwa penseli mpaka ijitokeze, na karatasi hiyo ibandikwe kwenye daftari la kijiji. Kazi hiyo haimalizi dakika tano. Nakuomba uwe wa kwanza kuniunga mkono, na ile pikipiki iliyoegeshwa nyuma ya nyumba yako iwe imeshafika kituo cha polisi kabla ya siku hiyo.

Wako katika ujirani,
Mkazi wa Mwamapalala