Sergenti na Treni ya Mjomba

Baba alikuwa kaporali. Kwa hiyo jioni niliyotangaza kwamba jogoo wangu anaitwa Sergenti, kijiko chake kiligota njiani kabla ya kufika mdomoni.

"Yaani mu nyumba yangu mwenyewe," akasema polepole, "nipigie kuku saluti?"

Mama akatazama mboga yake ya sombe. Yaya, mkubwa wangu, akatazama dari. Sergenti, aliyekuwa mlangoni, akanyanyua mguu mmoja na kutulia, kama anayengoja kikosi kijipange.

Nilikuwa na miaka saba. Mwaka ulikuwa 1987, nchi ikiitwa Zaire, mkoa wetu ukiitwa Shaba, nasi tukikaa ku Base. Mtu wa Kamina haongezi neno hapo: ku Base ni ku Base. Wabelgiji walianza kuijenga mwishoni mwa miaka ya 1940, wakihofia kwamba vita vya tatu vya dunia vikiwaka Ulaya watakosa pa kukimbilia. Wakatandaza uwanja wa ndege, wakajenga nyumba za matofali, na ndani ya nyumba hizo wakaweka mbwa. Ugonjwa wangu wa kutaka mnyama ulianzia kwa mbwa hao, ingawa walikuwa wameshakwenda zao zamani kabla sijazaliwa.

Nkambo, baba yake mama, alikuwa mpishi wa Mbelgiji mmoja kabla ya Uhuru. Mbwa wa nyumba ile, alinihadithia, alikuwa na sahani yake, blanketi lake, na nyama kila siku. Kila siku! Nkambo alilitamka neno hilo kama shahidi mbele ya hakimu. Na kwa kuwa Kifaransa chake chote alikiokota kwa kumsikiliza bosi akiongea na mbwa, mpaka uzeeni aliwapokea wageni wa heshima kwa *Viens!*, njoo, na *Assis!*, kaa. Mgeni akimfurahisha sana aliambiwa *Donne la patte*, atoe mguu, na Nkambo akaushika mkono wake kwa mikono miwili. Mzee alitaka nielewe dhuluma ya wakoloni. Mimi nilielewa jambo moja tu: kumbe yuko mnyama asiyeliwa!

Nikaanza kuomba. Niliomba mbwa, baba akasema mbwa anakula nyama, na akaniuliza mara ya mwisho mimi mwenyewe nilikula lini. Niliomba paka, mama akasema paka mweusi wa jirani anatosha kutuletea maneno ya uchawi mtaa mzima. Nikapanda juu zaidi. Nikamkumbusha baba kwamba Rais ana chui kwenye kofia, chui kwenye nembo ya nchi, na chui kwenye noti. Baba aliinuka, akafunga dirisha kwanza, ndipo akajibu kwa sauti ya chini: "Chui ya Rais haikule bukari yangu."

Tumaini pekee likabaki kwa mjomba. Yeye alikuwa mchuuzi wa reli: anapeleka samaki wakavu wa Bukama mpaka Kasai, na kila akiondoka ananiahidi kasuku, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ndege anayesema. Kila akirudi analeta sababu. Lakini ndege nilizipata kwa njia nyingine, maana mwaka ule kulikuwa na nyingine zinazoshuka uwanjani usiku, ambazo watoto tulikatazwa kuziuliza. Magazeti ya Marekani yaliandika kwamba silaha za UNITA, waasi wa Angola, zilikuwa zikipitia kwetu. Mimi nilijua tu kwamba nimeomba ndege, na Mungu, ambaye pengine alikuwa na shughuli nyingi, amenisikia nusu.

Sergenti basi hakuombwa. Alibaki. Mama alikuwa na kuku aliyeangua vifaranga tisa, na mwewe wa Base, ambao hawana adabu ya kuhesabu, wakachukua wanane. Huyo wa tisa nilimlea ndani ya kiatu kibovu cha baba. Nilimlisha kumbikumbi na makombo ya bukari, yaani ugali, nikamfundisha kukaa begani, na tukienda kuchota maji yeye ndiye aliyetangulia. Alipoota kilemba nilimpa cheo. Ningejua mambo yanavyokwenda jeshini ningemwacha mdogo, asionekane.

Ijumaa moja ujumbe ukaja kwa fonia, redio ya mawasiliano: mjomba amepanda treni Kananga.

Mama akamtazama Sergenti kama fundi cherehani anavyomtazama mteja, kuanzia mabegani kwenda chini. Hakusema kitu. Hakukuwa na haja. Shemeji wa nyumba halishwi sombe tupu.

"Mama, ile ni Sergenti," nikasema.

"Mwanangu, kuku haina jina. Kuku njo supu."

Usiku nilipiga magoti. Nilikuwa mtoto wa haki, kwa hiyo nilianza kwa kumwombea mjomba asipate ajali. Kisha nikamweleza Mungu, kwa heshima zote, kwamba reli kati ya Kananga na Kamina ni ndefu, ina madaraja, na ng'ombe mmoja tu aliyelala vizuri angetosha. Jumamosi jirani akarudi na baiskeli kutoka mjini: treni haijafika. Jumapili: haijafika, iko Mwene-Ditu, kichwa kimegoma. Baba akalaani. Mama akaugua. Mimi nilikwenda misani na kuimba mpaka yaya akaniziba mdomo. Sijawahi tena kuwa na imani kama ile.

Jumatatu alfajiri habari ikafika kwamba treni imeingia.

Mfuko wangu wa shule ulikuwa umeshonwa kwa gunia la unga. Daftari nililiacha chini ya kitanda, Sergenti akaingia, nikafunga kamba. Gizani kuku hulala; hilo nililijua vizuri. Nisilolijua ni kwamba gunia likielekezwa kwenye jua, ndani kunakucha.

Shuleni tulikuwa tumepanga mistari. Bendera ya kijani yenye mwenge ikaanza kupanda, polepole, na hapo mtu hakohoi, hajikuni, inzi akitua puani ni wa Taifa. Katika kimya kile gunia langu likawika. Likawika vizuri, kwa kifua, na kumalizia na kile kimkia cha sauti alichokuwa akinionyesha mimi tu.

Bendera ikasimama katikati ya mlingoti. Aliyekuwa akivuta kamba alikuwa anacheka.

Mwalimu aliniita mbele. Alifungua mfuko akiwa na uso wa kunyonga mtu, akachungulia, na uso ule ukalainika taratibu. Nilikuwa nimeuona mlainiko huo kwa mama, Ijumaa.

"Minervali yako ya shule haijalipwa tangu mwaka uanze," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sasa imelipwa. Kaa."

Mama alifika saa nne, kikwembe kimefungwa cha vita. Walizungumza chini ya mwembe, sisi tukiwa tumejaa madirishani. Mwalimu alitaja kanuni za shule. Mama alitaja kaka yake, siku nne garini, tumbo tupu. Mwalimu alitaja mshahara ambao hajauona. Mama akanyamaza kidogo, maana hapo hata mke wa kaporali hana jibu. Mwishoni wakafikia mapatano, na kama mapatano mengi ya nchi yetu wakati ule, aliyezungumziwa hakuwa mezani. Alikuwa anakuja.

Jioni Mwalimu alikuja na shati lililopigwa pasi. Nkambo akampokea mlangoni. "*Viens!*" akasema kwa furaha. "*Assis!*" Mwalimu, mtu aliyekuwa akitupiga kwa kukosea vitenzi, akaketi.

Nilikuwa nimeapa kutogusa. Nilikaa pembeni na machozi yangu, nikajaribu kupumua kwa mdomo, kwa sababu mawese na kitunguu vilikuwa vimejaa nyumba nzima. Baba alichukua bawa, akaliinua kwenye mwanga wa taa, akalitazama kwa muda mrefu. "Sasa," akalisemesha, "nani mukubwa?"

Ikafika zamu ya firigisi. Macho yakamwendea mjomba, maana ni haki yake, kisha yakamwendea Mwalimu, ambaye alikohoa kwa unyenyekevu wa uongo. Nkambo akainua kidole.

"Firigisi," akasema, "ya mwenye kufiwa."

Ikawekwa mbele yangu. Niliitazama. Ilinitazama. Nikaila. Ilikuwa ngumu kama kile kiatu nilichomlelea, maana Sergenti aliishi kwa mazoezi, lakini ilikuwa na chumvi ya kutosha. Nikaomba na shingo.

Nilipomaliza kulamba vidole nilimwuliza mjomba habari za kasuku.

"Nimemwacha Kananga kwa rafiki," akasema, akichokonoa meno. "Anasema vizuri sana, hata jina lako anajua. Anakuja na treni inayofuata."

Usiku ule nilipiga magoti tena, nikamwambia Mungu awaondoe ng'ombe wote relini.