Sifa za Mzee Aski

Wenye dharau humwita Aski, yaani ASCII, lile jedwali la herufi za kompyuta, mkongwe asiye na haya. Alitangazwa Marekani mwaka 1963, tena bila herufi ndogo hata moja, na leo ana nafasi 128 tu, 33 kati yake zikiwa amri za kuendeshea mashine. Nami nasema: apewe kiti cha mbele, hasa huku kwetu. Kamembe, Bugarama, Nkombo, Bweyeye: andika wilaya nzima ya Rusizi, mzee hakunji uso. Kinyarwanda cha kila siku hakina alama juu ya irabu, Kiswahili nacho hakina. Mkorofi ni Kifaransa, na kwetu kimejificha kwenye majina ya ubatizo.

Mlete basi Théogène mbele ya iconv, programu ya kuhamisha maandishi kutoka jedwali moja la herufi hadi jingine. Ukiiamrisha `iconv -f UTF-8 -t ASCII`, inagoma kwenye é ya kwanza, kama afisa wa mpakani aliyekuta kibali kimeisha muda. Ongeza `//TRANSLIT`, na mambo yakienda sawa anapita akiitwa Theogene, kavuliwa kofia tu. Ukiweka `-c` badala yake, kila kisichofahamika kinatupwa, na ng'ambo anatokea Thogne. Mama yake hatamtambua, lakini orodha ya malipo imenyooka, na karani ameenda nyumbani mapema. Nani atalalamika, zaidi ya Théogène?

Wasomi watatuletea UTF-8 ya Ken Thompson na Rob Pike, ya 1992, yenye nafasi ya kila mwandiko duniani. Sawa. Wakaipeleke kwenye printa kuukuu ya risiti inayojua jedwali la 437 peke yake, waone inavyochapa: Th├⌐og├¿ne. Hapo hata Thogne ni heshima. Na UTF-8 yenyewe, pamoja na majivuno yake, nafasi 128 za mwanzo imeachia zilezile za mzee.

Kwenye simu ndiko raha ilipo. Meseji ya kawaida huchukua herufi 160; é inapita bure, lakini ô moja ya Hôpital inaweza kuishusha hadi 70. Waswahili tusicheke sana. Programu nyingi za kuandikia hupinda ile alama yetu bila kutuuliza: ng'ombe aliyenyooka anapita, ng’ombe aliyepinda anaweza kulipiwa meseji ya pili.